Mahali Maji Yalipofika

Gathogo alijua mambo yameharibika siku aliposikia harufu ya samaki ikitoka kwa Waithira.

Alikuwa ng'ambo ya juu ya mto, kwenye ploti yake ya kuchonga mawe, patasi mkononi, na upepo ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Mara ya kwanza alinusa akadhani kuna kitu kimeoza. Mara ya pili akaweka patasi chini. Waithira, aliyeendesha hoteli ya githeri na chapati hapo Murera miaka saba, aliyewahi kumtoa mteja nje kwa sababu ya dagaa wa omena aliobeba ndani ya gazeti, ndiye huyo leo anakaanga samaki!

Hakuhitaji kuuliza samaki ni wa nani.

Mto wenyewe ni mdogo. Watu wa hapo huuita Karui, yaani kamto, na miaka yote watoto waliuruka wakienda shule. Lakini mvua ya mwezi wa nne, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, haikuwa ya kurukwa. Karui ulipanda, ukabeba daraja, ukabeba nyumba za mabati zilizokuwa bondeni, ukaacha nyumba moja tu imesimama ng'ambo ya pili. Hiyo ni ya Waithira, hoteli ikiwa mbele. Ilisimama kwa sababu ni ya mawe, na mawe yenyewe yalichongwa na Gathogo. Zaidi ya mwaka mzima watu wakavukia magogo mawili ya mkaratusi. Ndipo mradi ukaja, na injinia msichana anayeitwa Maxine, na fomani wake Jeconia, mtu wa Ahero, kule upande wa ziwa, mrefu, sauti kama ya ngoma ya kanisa, fundi wa kusuka gabioni, yale masanduku ya waya yanayojazwa mawe ili maji yasile kingo za mto. Kambi wakaipiga ng'ambo ya Waithira. Na wakawa wanakula kwake, asubuhi na mchana.

Sasa Gathogo alikuwa na jambo lake. Mkewe alifariki zamani. Waithira naye ni mjane. Miaka mitatu, kila Jumapili kanisa likiisha, Gathogo alishuka akakaa pale hotelini kwenye meza ya mlangoni, akitaka kusema na asiseme. Badala ya kusema akafanya kazi. Wakati wa mafuriko Waithira alikimbilia kwa bintiye Wangechi kule Juja. Maji yaliposhuka, Gathogo alilaza yale magogo mawili, akavuka, akatoa matope ndani ya nyumba kwa karai, akasugua kuta kwa ufagio, halafu akaenda Ruiru akanunua rangi ya krimu akaipaka nyumba yote, ndani na nje, mikono miwili, rangi juu ya rangi. Waithira aliporudi aliikuta inang'aa kama haijawahi kuonana na maji.

"Haiya, fundi!" alisema, mkono mdomoni. "Na sasa mimi nikwambie nini?"

"Ni kazi tu," Gathogo akajibu.

Ni kazi tu! Hayo maneno matatu aliyatafuna mwaka mzima kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye maharagwe. Angeweza kusema lolote. Mtu mwingine angesema.

Na huyu Jeconia alikuwa huyo mtu mwingine. Huyo alisema lolote. Kutoka ng'ambo Gathogo hakuyasikia maneno, ila alisikia kicheko cha Waithira kikifuata, kicheko cha kutoka tumboni, ambacho yeye katika Jumapili zote zile hakuwahi kukipata kwake hata kipande. Alikuwa akichonga jiwe, kicheko kikivuka mto, patasi inateleza. Wiki ile aliharibu mawe tisa.

Siku ya samaki, saa sita, Bedan alisimamisha lori lake mbele ya ploti. Bedan huuza kokoto na mawe ya kujazia, na siku hizo alikuwa akipeleka mawe kambini kwa kuzunguka barabara ya juu. Hakuna habari iliyovuka Karui bila kupandia lori la Bedan.

"Wakini, umekonda," Bedan akasema akishuka. Wao ni wa rika moja.

"Sijakonda. Huko chini kuna nini?"

"Huko chini kuna samaki. Nimekura. Tamu! Mama Wangechi amefundishwa kuweka nyanya na ndimu, Jeconia amesimama hapo kwa jiko anamwonyesha."

"Kwa jiko?"

"Kwa jiko. Rakini hiyo si kitu." Bedan akaangalia nyuma, ingawa hapakuwa na mtu. "Asubuhi nimewakuta wamekaa wawiri, daftari kwa magoti. Huyo jamaa anauriza mambo ya mahari."

Gathogo alihisi masikio yanapata moto. "Mahari?"

"Mahari. Anauriza, anaandika. Mama Wangechi anamwambia, hiyo mimi sijui, hiyo nenda kwa Gathogo, ndiye anajua."

"Kwa mimi?"

"Si ndio nakwambia? Kwa wewe. Anakuja." Kisha Bedan akapanda lori akaenda zake, kama mtu aliyetoa tu salamu.

Gathogo alikaa juu ya jiwe. Waithira hakuwa na kaka. Baba yake alishazikwa. Kumbe ndivyo alivyomwona miaka hii yote: mzee wa nyumba, mtu wa kupokea wageni wa posa, wa kukaa kitini na kutaja idadi ya mbuzi! Yeye, aliyepaka ile nyumba mikono miwili, atamkabidhi Waithira kwa mtu wa gabioni kisha aseme karibuni chakula. Afadhali angemwita adui.

Jeconia alifika saa nane, amevuka magogo kwa hatua mbili kwa ile miguu yake, begani fimbo ndefu ya namba ya kupimia. Akavua kofia.

"Habari yako, jaduong'," akasema. Hivyo ndivyo watu wa kwao wanavyomwita mzee wanayemheshimu, na Gathogo, aliyekuwa na miaka hamsini na minne tu, neno hilo lilimwingia kama mwiba.

"Mzuri. Sema."

"Mama Wangechi amenituma. Amesema hii maneno wewe ndiye unayo."

"Maneno gani?"

"Ya maji. Ile siku ya mafuriko, kwa nyumba yake yalipanda mpaka wapi? Yeye hakuwa. Majirani wote walihama, nyumba zao zilienda. Nimeangalia ukuta, naona rangi mpya tu."

Gathogo akamtazama. Akajua hiyo ni mbinu. Mtu anayekuja kuposa haingii na neno lake mlangoni. Huanza mbali, anauliza mvua, anauliza ng'ombe, mpaka afike. Huyu ameanzia kwa maji. Sawa. Na aanzie huko.

"Unataka kujua ya nini?"

"Ya urefu wa daraja. Kwetu maji huja kila mwaka kama shemeji, tumejifunza: usijenge kwa kukisia. Maji ikiwa ilifika chini, tunaweka kalavati tatu za kupitisha maji na zege juu, wiki tatu tumefunga kambi tumeenda. Ikiwa ilipanda sana, hiyo ni nguzo, kuinua barabara, gabioni pande zote mbili. Miezi minane hivi. Mimi nitakuwa mtu wa hapa kabisa!" Akacheka.

Wiki tatu. Miezi minane. Gathogo aliyaona yote mawili kama yamechorwa ukutani. Miezi minane ya samaki. Miezi minane ya kicheko kikivuka mto.

"Ilifika ukingo wa chini wa dirisha," akasema.

"Wa dirisha?"

"Wa chini. Nilisugua mwenyewe."

Jeconia akageuka akatazama ng'ambo, mkono juu ya macho. "Mbona kwa ule mti nyuma ya nyumba kuna nyasi zimekwama juu sana?"

"Hizo ni viota."

"Viota."

"Vya ndege. Kwenu hakuna ndege?"

Jeconia akaangalia mti tena, akamwangalia mzee. Halafu akafungua daftari akaandika. "Wewe ndiye ulikuwa hapa," akasema. "Asante, jaduong'." Na akarudi. Ya posa hakuyataja, na Gathogo akajisifu moyoni kwamba amemkatia njia kabla hajafika.

Usingizi uliomjia siku hiyo ulikuwa mzuri. Wa siku ya pili haukuwa mzuri sana. Maana alikuwa ameiona ile alama kwa macho yake: mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa kwa pimamaji, shubiri moja juu ya linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Juu ya linta. Mtu mzima angesimama ndani ya nyumba ile na asitoe hata nywele nje ya maji. Lakini kila alipofika hapo, upepo ulileta harufu ya nyanya na ndimu, naye akaokota patasi.

Alhamisi kukaitwa kikao kambini, saa nne asubuhi, wenye ploti wa pande zote mbili waje wasikie mpango. Walikaa chini ya turubai. Waithira alikaa mbele na leso yake ya kijani. Gathogo alisimama nyuma karibu na mapipa.

Injinia Maxine alikuwa na michoro mikononi na haraka mwilini. "Habari zenu wazee, habari akina mama. Sitawaweka sana. Kwa alama tuliyopewa, maji hayakupanda vile tuliogopa. Kwa hivyo tunaweka kalavati tatu, zege juu, tumemaliza. Kabla ya mvua ya vuli mnavuka."

Watu wakapiga makofi. Bedan akainua mkono.

"Injinia, mimi swari rangu ni moja. Hiyo mahari ya maji, mriambiwa na nani?"

Turubai lote likaangua kicheko.

"Bedan! Maji imeanza kulipiwa mahari?" mtu akapaza sauti.

"Mbuzi ngapi?" mwingine akauliza.

"Mahari! Mahari maji irifika! Hamsikii Kiswahiri?" Bedan alikuwa amekasirika kabisa. "Ire siku Jeconia arikuwa kwa mama Wangechi anauriza mahari irifika, nirikuwepo!"

Waithira alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Hata injinia alicheka. Gathogo peke yake hakucheka. Bedan tangu azaliwe hana herufi ya l kinywani. Kwake lori ni rori na mlango ni mrango. Na sikio la Gathogo lilikulia kijiji kimoja na ulimi wa Bedan. Mahali, mahari. Miaka hamsini maneno hayo hayakuwahi kumletea shida. Mtu aliuliza mahali, na yeye akampa mbuzi, akampa posa, akampa kitanda.

Basi si alikuwa amepona? Hakukuwa na posa. Wala hakuna aliyejua. Angeweza kucheka na wengine, wiki tatu zipite, kambi ifungwe, Jeconia aende na samaki wake. Alimtazama pale mbele, ameegemea fimbo yake ya namba, na Waithira anamwinamia anamwambia kitu, wote wawili wakicheka kwa macho. Posa hakuna, lakini kicheko kipo. Wacha aende, akasema moyoni. Wacha aende tu.

Ndipo Waithira akasimama.

"Mimi nashukuru," alisema. "Nilikuwa naogopa. Sasa kama maji yalikuja mwisho wa dirisha chini, nitaongeza chumba hapa kando ya mto nimlete Wangechi na mtoto wake. Juja nyumba ni ghali. Maji yakija tena, si tunapanda tu juu ya kitanda?"

Watu wakasema ndiyo, ndiyo, ni kweli.

Gathogo aliona kile kitanda. Aliona mtoto juu yake. Na aliona mstari wa kahawia ukipita juu, juu kabisa, ambako hakuna kitanda kinachofika.

"Hayakuishia dirisha," akasema.

Alisema chinichini, hakuna aliyegeuka. Akarudia kwa sauti, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Maji hayakuishia dirisha! Yalipita linta. Shubiri moja juu."

Injinia Maxine akaweka michoro chini. "Mzee, si ni wewe ulitoa ile alama ya kwanza?"

"Ni mimi."

"Sasa nitaandika gani? Jumatatu dirisha, leo linta. Wiki ijayo itakuwa paa?"

Watu walitaka kucheka, wakaona uso wake, wakaacha. Gathogo alitoka nyuma ya mapipa, akapita katikati yao, akaelekea nyumbani kwa Waithira, na kikao chote kikanyanyuka kikamfuata. Akachukua chuma cha kukwangulia kwenye mfuko wa suruali yake ya kazi, akapanda juu ya ndoo, akaanza kukwangua juu ya linta.

Rangi ilikuwa imeshika vizuri. Aliipaka kwa moyo wote, na moyo wote huo sasa ulimpinga. Ilitoka vipande vidogo vidogo, vinamdondokea machoni. Krimu ya juu, krimu ya chini, halafu plasta. Alikwangua upana wa mkono, akakwangua upana wa mikono miwili. Halafu ukatokea. Mstari wa kahawia, na mabua mawili ya nyasi yamegandia ndani yake.

Jeconia alisimamisha fimbo ya namba kando ya ukuta bila kuambiwa. Injinia akasoma, akasoma tena. "Mita moja na nusu," akasema, si kwa mtu yeyote. "Tungejenga mita moja na nusu chini." Akakunja michoro yake, akaifunga kwa mpira, akaiweka kwapani kama kitu kilichokufa.

"Kwa nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Waithira. Hakuwa akicheka tena.

Gathogo alibaki juu ya ndoo. "Nilitaka huyu aende."

"Huyu nani?"

Akaonyesha kwa kile chuma.

"Mimi?" Jeconia alishangaa hasa. "Nimekukosea wapi, jaduong'?"

Gathogo alitafuta jibu, na kati ya yote aliyokuwa nayo kifuani lilitoka moja tu.

"Samaki," akasema.

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika mpaka barabara ya juu. Bedan alikaa chini kabisa. Jeconia alipoelewa alijipiga paja. "Jaduong', mimi nina mke! Nina watoto wanne! Nimemfundisha mama samaki kwa sababu vijana wangu walichoka na githeri!" Waithira alingoja watu watawanyike, mmoja mmoja, wakirudi turubaini na kicheko chao. Gathogo alishuka kwenye ndoo.

"Mwaka mzima," Waithira akasema, "nimekaa ndani ya hizi kuta nikijiuliza. Mwanamume anapaka nyumba nzima ya mtu, mikono miwili, halafu anasema ni kazi tu. Nikasema, basi ni kazi. Leo ndiyo najua haikuwa kazi."

"Haikuwa."

"Na badala ya kuniambia ukaamua mtoto wa Wangechi azame."

"Sikujua ungejenga..."

"Hukujua. Sema hilo neno lako basi, kama unalo. Hapa, mchana, nikuone."

Gathogo alilisema. Halikuwa refu, na hakulisema vizuri; rangi ilikuwa kwenye kope zake na chuma bado mkononi. Lakini alilisema.

Waithira alitazama ile alama juu ya linta. Kisha akasema, "Nimesikia. Jibu nitakupa siku nitakayovuka juu ya hilo daraja kwa miguu yangu, na mvua ikiwa imenyesha na halijatikisika. Si kabla. Mtu amenidanganya kuhusu maji, mimi nitamwamini kuhusu nini?"

"Hilo daraja ni la miezi minane."

"Si ulisema mwenyewe ni linta?"

Jumatatu iliyofuata Gathogo aliandikwa kazi kambini. Yeye mwenyewe alienda kuomba. Kama ni kungoja, afadhali angoje akiwa karibu, na kama daraja litatikisika, lisitikisike kwa sababu ya mtu mwingine. Jeconia akamweka kwenye gabioni. Mawe makubwa pembeni, madogo katikati, yabanwe yasicheze. Kila hatua moja ya waya inafungwa mara mbili. Gathogo alijua mawe kuliko wote hapo, ila waya ulimkata vidole.

"Hii umefunga mara moja," Jeconia alisema akipitapita. "Fungua, rudia."

Akafungua, akarudia. Haikuwa rahisi. Kila siku saa nne Waithira alishuka na birika, na kila saa nne Gathogo aliangalia ni nani anamiminiwa kwanza. Mara nyingine ilikuwa Jeconia. Mara nyingine Jeconia alisema kitu kwa ile sauti yake, na kicheko kilekile kikatoka, na Gathogo akabana waya mpaka ukakatika.

Wiki ya tatu Waithira alimmiminia yeye kwanza. Hakumwangalia hata, akaendelea kwa wengine. Gathogo alionja. Sukari ilikuwa nyingi, nyingi vile anavyopenda, na hakumbuki kama aliwahi kumwambia mtu. Alishikilia kikombe kwa mikono miwili. Kisha akatazama kando, alikokaa Jeconia juu ya rundo la mawe akipuliza chai yake.

"Nionje yako," akasema.

"Ya nini? Si unayo?"

"Nionje tu."

Jeconia akatikisa kichwa, akampa kikombe. Gathogo akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kulimeza. Ilikuwa na sukari ileile.

Akarudisha kikombe, akashika waya.